Sero, Dagaa na Mbalamwezi: Mkopo wa Kifaa kwa Mwanamke wa Mwaloni

Victoria Kisyombe ni daktari wa mifugo aliyeingia katika biashara ya fedha kwa kupitia zizini. Mumewe alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, alibaki na watoto wa kulea na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Sero. Maziwa ya Sero ndiyo yaliyoiweka nyumba mjini. Kutoka hapo akaanzisha chama cha wanawake wafanyabiashara, Sero Businesswomen Association, kinachofupishwa SEBA, na mwaka 2002 kampuni ya Sero Lease and Finance, inayojulikana zaidi kama SELFINA. Kampuni hiyo haikujengwa juu ya kugawa fedha taslimu. Inanunua kifaa anachokihitaji mwanamke, iwe cherehani, jokofu au mashine ya kusaga, inamkabidhi akifanyie kazi, naye analipa kidogo kidogo mpaka kiwe chake. Mwaka 2010 taasisi ya Schwab Foundation ilimtambua Kisyombe kuwa mmoja wa wajasiriamali wa kijamii wa Afrika. Ni kampuni chache za fedha duniani zinazoitwa kwa jina la ng'ombe, na jina hilo linaeleza mfumo mzima kuliko taarifa yoyote ya mwaka.

Sero alikuwa kitu kinachozalisha. Hakuliwa kwa msiba, hakugawanywa katika ada na kodi ya nyumba, na kila asubuhi alitoa kipato kilichoweza kupimwa kwa lita. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mkopo wa kifaa na mkopo wa fedha, na ndipo wanawake wa mwambao wa Ziwa Victoria walipopunjwa. Mwanamke wa mialo ya Mwanza, yaani fukwe za kupokelea samaki kama Kirumba Mwaloni, Igombe au Kayenze, anafaidika zaidi na kifaa cha kulipia polepole kuliko na noti zinazodaiwa kila wiki. Huduma ndogo za fedha zilipofika Mwanza zilikuja na kalenda ya mahali pengine, na mpaka leo kalenda hiyo haijalingana na ya ziwa.

Kwanza kuna suala la dhamana. Benki humkopesha mwenye hati, na hati nyingi hazina jina la mwanamke. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinamweka mjane pembeni na kuupeleka urithi upande wa ukoo wa marehemu. Mwanza yenyewe ina historia katika mvutano huu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Uamuzi huo unafundishwa katika vyuo vya sheria. Hata hivyo, miaka 25 baadaye, mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ililazimika kuikumbusha Tanzania wajibu wake, baada ya wajane wawili kutoka Shinyanga kulalamika kwamba mila iliwaondoa kwenye nyumba za waume zao. Mahakama Kuu ilikuwa imekiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzibatilisha. Mjane wa Usukumani anayeingia benki leo, basi, anaombwa hati ya kitu ambacho sheria moja inampa na nyingine inamnyang'anya.

Ukodishaji wa kifedha, yaani huo mkopo wa kifaa, unalikwepa tatizo hilo bila kusubiri Bunge. Kifaa chenyewe ndicho dhamana. Mpaka malipo ya mwisho, kampuni ndiyo mmiliki na mwanamke ni mtumiaji mwenye haki ya kukinunua. Akifiwa katikati ya mkataba, hakuna ndugu wa marehemu anayeweza kudai cherehani ambayo haikuwahi kuwa ya marehemu. Mashemeji wanaweza kufungua kabati, lakini hawawezi kugawana mali ya kampuni. Jambo hili mara nyingi hupita bila kutajwa mfumo huu unaposifiwa, na kwa mtu aliyewahi kuachwa na ng'ombe mmoja huenda ndilo lenye uzito kuliko yote. Tanzania ilitunga Sheria ya Ukodishaji wa Kifedha mwaka 2008, miaka sita baada ya SELFINA kuanza. Vitendo vilitangulia, sheria ikafuata.

Mfumo huu si mgeni mtaani. Kila kijana wa bodaboda wa Nyamagana na Ilemela anaujua kwa jina la mkataba. Mwenye fedha ananunua pikipiki, dereva anamlipa kiasi kilichopangwa kila siku, na muda ukiisha kadi inaandikwa jina la dereva. Ni tofauti na pikipiki ya hesabu, ambako dereva anapeleka fedha za kila siku kwa tajiri na chombo kinabaki cha tajiri mpaka kizeeke. Kisyombe alichofanya ni kuutoa mkataba katika maelewano ya watu wawili na kuuingiza katika kampuni yenye vitabu, kisha kuufikisha kwa wanawake. Aliongeza na mlango wa pili: mwanamke mwenye kifaa tayari lakini asiye na mtaji anaweza kukiuza kwa kampuni, akapata fedha za kuendeshea biashara, na papo hapo akakikodi na kukilipia mpaka kimrudie. Kifaa hakiondoki kazini hata siku moja.

Huduma ndogo za fedha za Mwanza zilipita njia nyingine. Mwaka 1998 shirika la FINCA lilianza kazi Tanzania, na mji lilioanzia ulikuwa Mwanza. Mfumo wake, benki za vijiji, ulibuniwa na Mmarekani John Hatch mwaka 1984 nchini Bolivia, wakati nchi hiyo ilikuwa imeumizwa na ukame na mfumuko wa bei. Mwongozo wake wa awali ulikuwa mwepesi: kikundi kinadhaminiana, mkopo wa kwanza ni dola 50, unalipwa kwa wiki 16, na mkopo unaofuata unapanda kadiri mwanachama anavyoweka akiba. Kabla yake, Muhammad Yunus alikuwa ameanza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, kwa dola 27 za mfukoni mwake zilizokopeshwa watu 42, na Benki ya Grameen aliyoianzisha ikaueneza duniani mtindo wa rejesho la kila wiki. Mfumo huo una sifa zake. Uliwafikia wanawake ambao benki zisingewafungulia hata mlango wa nje, na ulithibitisha kwamba maskini analipa deni. Kosa halikuwa kuuleta Mwanza. Lilikuwa kuuleta bila kuuliza dagaa wanavuliwa lini.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Taa inawavuta dagaa juu ya maji katika giza. Mwezi unapoandama na kukua, mwanga wa angani unashindana na taa, dagaa wanatawanyika, na kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi hupaki. Wavuvi wanashona nyavu, wengine wanarudi makwao. Huo ndio msimu unaoitwa mbalamwezi, na hujirudia kila baada ya siku 29 na nusu, mvua inyeshe au isinyeshe. Mama anayenunua ndoo za dagaa mwaloni, akaanika na kuuza kwa wafanyabiashara wanaopeleka magunia Kongo, Zambia na kwingineko, hana cha kununua siku hizo. Kitabu chake cha marejesho hakijui hilo. Mkopo wa wiki 16 ni siku 112, karibu mizunguko minne ya mwezi, kwa hiyo marejesho manne mpaka matano kati ya 16 yanaangukia mbalamwezi. Ongeza masika: dagaa wasiokauka huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na wiki nzima ya mtaji inageuka mbolea.

Hapo ndipo deni linapozaa deni. Kikundi hakitawanyiki mpaka rejesho la siku litimie, na anayepungukiwa huchangiwa na wenzake kwa manung'uniko au hukimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani. Mikopo ya kausha damu ilipata wateja wake wa kudumu kwenye pengo hilo la siku chache kati ya giza na mwezi. Magodoro na runinga zinazobebwa na maofisa mikopo uswahilini mara nyingi ni za watu wenye biashara nzuri kabisa, ambayo tatizo lake pekee ni tarehe. Dhana ya kwamba mwanamke anayekimbia marejesho ni mzembe au ametumia mkopo kwenye sare ya harusi huenda ikawa kweli kwa baadhi, lakini haielezi kwa nini mama yule yule analipa bila shida wiki tatu na kujificha ya nne.

Dhana ya pili potofu inahusu riba. Anayetangaza riba ya asilimia 5 kwa mwezi huaminika kuwa anatoza asilimia 5 kwa mwezi. Chukua mfano wa hesabu: mkopo wa shilingi 500,000 wa wiki 16 wenye riba ya jumla ya asilimia 20, unaolipwa kwa mafungu ya shilingi 37,500. Mwisho wa yote mkopaji amelipa 600,000. Lakini hakukaa na 500,000 kwa wiki zote 16. Kila wiki alirudisha sehemu, na kwa wastani mkononi mwake kulikuwa na takriban 265,000 tu. Laki moja juu ya fedha hiyo ni zaidi ya asilimia 37 kwa muda usiofika miezi minne, yaani karibu asilimia 10 kwa mwezi. Rejesho la haraka, ambalo linasifiwa kwa kumjengea mkopaji nidhamu, kwa kweli linapandisha bei ya fedha. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowapanga watoa huduma katika madaraja manne kuanzia benki mpaka vikundi vya kijamii kama vikoba, kanuni za mwaka 2019 ziliwawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukomo huo ni msaada wa kweli, mradi mkopaji aonyeshwe jumla atakayolipa pamoja na ada zote na tarehe zake. Wakopeshaji wa simu wamekwisha kuonyesha jinsi ya kuupita: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Wapo wanaosema mkataba wa kifaa ni mkopo ule ule uliobadilishwa jina. Kwa upande wa gharama wana hoja, kwa kuwa kampuni nayo inakopa benki, inalipa riba, na gharama hiyo inamfikia mteja. SELFINA yenyewe ilipata mtaji wa kukodisha kutoka Exim Bank kwa kuungwa mkono na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na fedha hizo hazikuwa sadaka. Tofauti iko mahali pengine. Fedha taslimu ikifika nyumbani inakutana na kila shida iliyokuwa ikingoja mlangoni: ada, mgonjwa, shemeji anayesafiri. Jokofu haliwezi kulipa ada. Tena, anayekopesha fedha haulizi sana biashara itakavyokwenda ilmradi kikundi kinadhamini. Anayekodisha kifaa atarudishiwa kifaa kama biashara ikifa, kwa hiyo ana sababu ya kukagua mapema kama umeme upo, kama soko lipo, kama mashine ina vipuri mjini. Maslahi ya pande mbili yanakaribiana, japo hayawi mamoja.

Kwenye mwalo vifaa vinavyostahili mkataba vinajulikana. Cha kwanza ni chanja, kwa maana ya meza za nguzo na wavu za kuanikia. Dagaa wa chanjani hana mchanga, anakauka upesi, na akiwekewa turubai la nailoni anavumilia manyunyu ambayo dagaa wa mchangani hawezi kuyavumilia. Ghala dogo kavu nalo ni kifaa, kwa sababu mwenye magunia wakati wa mbalamwezi huuza kwa bei yake, badala ya kuuza lote wakati wa giza kila mtu anapouza. Kwa wauza sato na sangara kuna majokofu na masanduku ya barafu. Juu ya vyote kuna mtumbwi wenyewe, pamoja na injini na taa. Imani ya kwamba mwanamke akikanyaga mtumbwi analeta nuksi haimzuii kuumiliki na kuajiri wavuvi, na wanawake kadhaa wa mwambao hufanya hivyo.

Mfano wa kupimia uko ng'ambo ya mpaka, ufuo wa Nduru karibu na Kisumu. Kuanzia mwaka 2011 wanawake wachuuzi wa samaki walipata mitumbwi yao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, ili waondokane na jaboya, yaani desturi ya mvuvi kudai ngono kabla ya kumuuzia mwanamke samaki. Kikundi chao kilijiita No Sex for Fish, na kwa muda mizani ya nguvu iligeuka kweli: mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua samaki wauziwe nani. Lakini mtumbwi wa mbao hauishi milele. Ulivuja, ukaoza, matengenezo yakawa ghali, na mafuriko ya mwaka 2020 yakaimeza sehemu kubwa ya kijiji. Somo lake linakata pande mbili. Kifaa kinamkomboa mwanamke upesi kuliko mafunzo ya ujasiriamali ya siku tano, kisha kinamrudisha alipokuwa kama hakuna aliyepanga fedha za matengenezo na bima. Mkataba wa kibiashara, kwa sababu kampuni ndiyo mmiliki mpaka mwisho, unaweza kuziingiza gharama hizo katika malipo ya kila mwezi tangu siku ya kwanza. Zawadi haina nafasi hiyo.

Zipo hatari ambazo wapenzi wa mfumo huu huzipunguza. Kifaa kinaibiwa. Injini ya boti inaweza kuvuka mpaka usiku mmoja na kampuni ikabaki na karatasi. Kifaa kinaweza pia kuwa haramu: katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ya serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zilizokatazwa zilichomwa moto kwenye mialo ya Kanda ya Ziwa, na waliokuwa wamekopa kuzinunua waliendelea kudaiwa majivu. Hapa ukodishaji una faida juu ya mkopo wa fedha, kwani kampuni inayonunua yenyewe haina budi kununua wavu wenye macho yanayoruhusiwa. Hata hivyo, kampuni iliyokaa Dar es Salaam haiwezi kuyajua hayo kwa simu. Inahitaji mtu wa mwaloni, anayeweza kuutazama mtumbwi na kusema umebakiza misimu mingapi.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa kwa fedha, ila yanadai kubadili mazoea. La kwanza ni kalenda. Malipo ya mfanyabiashara wa dagaa yafuate mwezi: rejesho lipangwe wakati wa giza, na siku za mbalamwezi ziachwe wazi kwa mujibu wa mkataba, isiwe kwa huruma ya ofisa mikopo. Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana miaka mingi mbele, kwa hiyo hakuna hesabu inayoharibika. Mkopeshaji anayepokea mara moja kwa mzunguko jumla ileile aliyokuwa akiipokea kwa mara nne hapunguziwi jumla hiyo; anangoja kidogo zaidi na kupoteza mikutano mitatu tu. Vikoba vingi vya mwambao vinaweza kuanza hata kesho, kwa kuwa katiba zao huandikwa na wanachama wenyewe.

La pili linazihusu halmashauri. Mikopo yao ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kubwa za urejeshaji na vikundi hewa, kisha utaratibu ukarejeshwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Kikundi hewa hakiwezi kuanika dagaa. Fedha hizo zikitolewa kwa umbo la chanja, ghala na majokofu yanayobaki mali ya halmashauri mpaka yalipiwe, udanganyifu unakuwa mgumu zaidi, kwani mkaguzi atakwenda kuangalia kitu kinachoonekana. Serikali Kuu imekwisha kuonyesha njia: Januari 2024, mjini Mwanza, ilikabidhi kwa wavuvi na wafugaji samaki boti za kisasa na vizimba kwa mkopo usio na riba. Kinachobaki ni kushuka ngazi moja zaidi, kutoka kwenye boti na kizimba mpaka kwenye wavu wa chanja wa mama mmoja.

La tatu ni jina. Mitumbwi husajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kwenye mialo mingi usimamizi wa karibu uko kwa vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa mwalo (BMU) vinavyomjua kila mwenye chombo. Mkataba wa mtumbwi au injini ushuhudiwe na BMU, risiti na leseni viandikwe kwa jina la mwanamke mwenye mkataba, na nakala ibaki kwenye ofisi ya kijiji. Nyumbani karatasi hizo hupotea upesi, hasa wiki ya matanga.